Dakika Mbili Kabla ya Kuzima

Hai Malakal,
Juba.
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa wifi yangu Athieng,

Pokea salamu kutoka nyumbani kwa marehemu ndugu yako. Hujambo huko Adelaide? Goti lako limetulia sasa baridi ya huko imeisha? Na ile kazi ya kutunza wazee, bado wanakupanga zamu mbili mfululizo? Mwambie bosi wako kwamba hata wewe una mifupa.

Sisi ni wazima. Madut amepona malaria na amerudi shule. Achan ameng'oka meno mawili ya mbele na haoni haya kucheka. Mimi nipo. Watu wakiniuliza hali nasema nzuri, na si uongo, kwa sababu sihisi vibaya. Sihisi chochote. Saa ya kula ikifika nakula. Miezi minne imepita tangu tumzike Aleer na sijatoa chozi, na najua wanawake wa mtaa wanalisema jambo hilo nikiwapa mgongo. Kila anayekuja ananiambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hakuna anayeniambia inakuwaje koleo likibaki na mhunzi akaondoka.

Nimeamua kukuandikia kwenye karatasi, kwa Kiswahili chetu cha shule ya Nakuru, kwa sababu kwa simu ningekata kabla sijafika ninapokwenda. Jirani yangu Lilly anasafiri kuja huko Alhamisi. Ameahidi kukukabidhi mkononi.

Jambo lenyewe ni gari.

Siku ya mazishi ulipopiga simu, wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki wakijadili gari la Aleer. Ukaniuliza mimi nasemaje. Nikakuambia walichukue, sitaki kuliona, maana ndimo ndugu yako alimokuwa akijificha kila jioni asinione uso. Halafu, kwa kuwa wewe ndiwe kifungua mimba wa nyumba yenu, ukawaambia wazee sawa, na shauri likafungwa: gari liende Bor kwa shemeji Marial. Hasira hasara, wifi. Lakini nilisema nilichokiamini.

Ngoja nikueleze nilichokuwa nakiona. Miaka sita, kila jioni, Aleer aliingia uani, akaegesha karibu na dirisha la jiko, na hakushuka. Injini ilinguruma polepole, kisha akaizima, na bado hakushuka. Aliketi tu, mikono juu ya usukani. Dakika kumi. Najua zilikuwa kumi kwa sababu chai niliyommiminia ilikuwa inapoa. Ukimwuliza anasema anapumzisha injini. Siku moja nikamjibu kwamba injini ina bahati, inahurumiwa kuliko mke. Alicheka akanawa mikono. Na akishaingia alikuwa tayari anazo habari zote za nyumba: nani kafeli hesabu, nani kamwaga unga. Nilimshuku Madut kwamba ndiye mpelelezi wake.

Mwezi wa Agosti Marial alilichukua gari wiki mbili ili alizoee. Akaona halina mbio. Mtu fulani huko njiani akamfungulia skrubu ya pampu ili dizeli iingie nyingi, na oili ilipopungua wakamwongezea ile nyepesi ya magari ya petroli. Basi likapata mbio, na moshi mweusi nyuma yake. Alilirudisha likiwa linatoa pia moshi wa bluu asubuhi. Akasema tulitengeneze kwanza, atalifuata mwisho wa Novemba. Simlaumu sana. Kijana akipewa gari la marehemu hujiona ameshakuwa mzee.

Tangu hapo nimelitumia mimi. Leseni ninayo. Jumamosi naenda Rejaf kuchukua bamia na samaki ninaowauzia majirani, na hiyo ndiyo biashara iliyowaweka watoto shuleni mhula huu. Na kila nilipofika nyumbani nilizima injini kabla hata magurudumu hayajasimama vizuri. Nilifanya makusudi. Nilitaka watoto waone kwamba mtu anaweza kufika kwake na kuingia ndani.

Mwezi uliopita gari likaanza kupiga mluzi kila nikikanyaga mafuta, halafu likakosa nguvu kabisa. Nikalikokota hadi Sherikat kwa Lubega, yule Mganda mwenye gereji karibu na daraja, ambaye amelihudumia tangu Aleer alinunue. Nilikaa pale siku tatu kwenye kigoda. Palinifaa. Gereji ni mahali ambapo hakuna mtu anayekupa pole.

Lubega alichomoa kijiti cha oili, akaisugua kati ya vidole, akainusa, akanitazama kana kwamba nimemlisha mtoto sabuni.

“Mama, hii gari iko mzee,” akasema. “Imetembea kilometa laki nne na elfu sitini. Mzee huwezi kumupatia oili ya katoto. Inapita kwa ringi ya pistoni, inaungua, inaisha.”

Nikamwambia kuna mwuza vipuri wa soko la Konyokonyo aliyenishauri niweke oili nzito kabisa, kwa kuwa injini imechakaa. Lubega akakataa. Ile nzito mno, akasema, asubuhi inachelewa kupanda hadi kwenye turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, na turbo haingoji mtu. Akachagua ya kati, kumi na tano kwa arobaini, iliyoandikwa ni ya dizeli yenye turbo, na akaniambia ninunue kwa mtu ninayemjua, galoni lenye kifuniko ambacho hakijaguswa, maana mjini humu kuna oili iliyotumika inayochujwa na kuuzwa kama mpya. Nimwage kila kilometa elfu nne, nisisubiri ianze kuwa uji.

Alitoa nozo zote nne. Moja ilikuwa inadondosha dizeli badala ya kuinyunyiza. Akapima nafasi ya tapeti za vali kwa kibati chembamba, akabadilisha chujio la hewa lililokuwa limejaa vumbi jekundu la Rejaf. Alipofika kwenye skrubu ya pampu akasugua uchafu na kuniita. Pembeni palikuwa na alama ndogo nyekundu, ya rangi ya kucha. Aleer aliiweka pale walipolirekebisha gari mara ya kwanza, ili mtu akiigusa skrubu ajue pa kuirudishia. Wifi, ile chupa ya rangi niliitafuta nyumba nzima mwaka wa kwanza wa gari hili, nikamsingizia binti wa jirani. Lubega akarudisha skrubu kwenye alama na moshi mweusi ukakoma.

Kisha akaniuliza, “Mama, wewe unazima gari namna gani?”

Nikamwambia nafika, nazima.

Akagonga viganja. “Ndiyo maana! Unazima, lakini turbo bado anazunguka, na iko moto. Oili imesimama. Inaungua mule ndani kama kitunguu kwa sufuria. Mzee yako alikuwa anangoja dakika mbili. Mimi ndiye nilimufundisha, ile siku alileta gari hapa.”

“Dakika mbili,” nikasema. “Si kumi?”

“Kumi ya nini? Mbili. Ukitoka mbali, tatu.”

“Na akishazima, anangoja nini?”

“Ikizimwa imezimwa, mama. Unashuka.”

Nilichukua gari nikarudi nyumbani. Turbo haikufa, lakini Lubega anasema nilikuwa nimekaribia kuiua. Nilijua sasa kwamba dakika mbili zilikuwa za injini, na kwa hizo nilimdhulumu ndugu yako. Lakini zile nane zilibaki pale pale. Nilizigeuza kichwani wiki nzima bila kuhisi uchungu wala nafuu, kama mtu anayehesabu nguo za kufua.

Jana nilitoka Rejaf na kreti mbili za samaki. Nikaingia uani, nikaegesha pale alipokuwa akiegesha, karibu na dirisha la jiko, nikangoja dakika zangu mbili, nikazima. Mkono ulikuwa tayari kwenye mlango. Injini iliponyamaza nikasikia sauti ya Achan, karibu mno, kana kwamba ameketi kiti cha nyuma.

Alikuwa anamwuliza Madut iwapo kikombe cha bluu kinaweza kuunganishwa kwa ugali. Madut akamwambia ugali hauungi kikombe. Achan akasema basi wakizike, na wasiniambie. Wakaanza kubishana kama kikombe kinaombewa sala ndefu au fupi. Kisha Achan akaimba ule wimbo wa kanisani ninaoimbaga nikipika, maneno yote amekosea, na s zote zinapita kwenye pengo la meno. Dirisha lile halina kioo, unajua, ni wavu tu. Neno lolote linalosemwa jikoni linafika kwenye kile kiti.

Nilipoangalia saa, dakika kumi zilikuwa zimepita.

Nikaingia. Nikamwambia Achan kwamba vikombe huvunjika, asijali. Akamgeukia kaka yake akiwa amefura: “Umemwambia!” Na Madut akaapa kwamba hajatoka jikoni.

Hapo ndipo nilipolia, wifi. Nilikaa sakafuni na samaki wangu wakiwa bado kwenye gari, nikalia hadi Madut akaenda kumwita Lilly. Wanawake wa mtaa sasa wametosheka.

Nilikuambia alikuwa anajificha asinione. Nilikosea. Alikuwa anatusikiliza. Mimi ndiye niliyekuwa nikiimba jikoni humo, miaka sita, nikinuna akiingia.

Kwa hiyo nakuomba nilichokikataa mwenyewe. Waambie wazee gari libaki kwangu. Marial ni mwema na anastahili kitu cha kaka yake. Bunduki ya babu na saa ya mkononi nimempa kwa moyo mmoja. Gari nalihitaji kwa Rejaf na kwa shule, na hiyo ndiyo sababu utakayowapa, maana wataielewa. Ile nyingine ibaki kati yako na mimi. Atakuja tarehe ishirini na tisa. Neno lako lifike kabla yake.

Nisalimie mumeo, shemeji Wiyual, na umwambie sala zake tulizipata. Msalimie binti yenu Nyachangkuoth, na umtakie heri katika mtihani wake. Watoto wanakubusu, Achan kwa pengo. Mungu akulinde njiani na kazini, na akupe nyumba ambayo kelele zake utazikumbuka.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda na ninayengoja jibu lako,
Awut