Darasa Nyuma ya Ukuta wa Matete

Songwa, Alhamisi, Julai 1954

Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi la mgodini limeingia mpaka kwenye unga. Leo nimeongea na kuku na Mama Ng'washi tu, na kati ya hao wawili kuku ndiye mwenye adabu.

"Mwangaluka, Mama Kabula!" ameniamkia toka ng'ambo ya uzio. "Kumbe bado upo? Nilidhani umeshahamia Geita kwa wakubwa."

"Nangoja lori la kesho," nikamjibu. "Watu wa heshima hawaendi kwa miguu."

Nimedanganya. Hakuna aliyeniambia kwamba nitapanda lori hilo.

Kabula wangu alitangulia Geita mwezi uliopita, ameajiriwa hospitali. Songwa nzima hakuna binti mwingine aliyevaa gauni jeupe la uuguzi, na aliyemzaa huyo ni mimi, niliyeishia darasa la nne. Mumewe, Mwalimu, alibaki amalize kazi yake, na kesho anamfuata. Jina lake siliandiki hata humu, kwa kuwa ni mkwe wangu. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawatazamani wala hawasemeshani. Tukikaribiana njiani mimi naingia kwenye shamba la watu, hata kama lina miiba.

Kabula alipokuwepo, yeye ndiye alikuwa mdomo wetu. "Mama anasema chumvi imekwisha." "Mwalimu anashukuru kwa mlenda." Tangu aondoke nyumba imekuwa bubu. Nampikia, naweka chakula mlangoni, nakohoa, naondoka. Naye hungoja hatua zangu ziishe ndipo afungue. Watu wawili katika ua mmoja, na kutwa nzima unasikia upepo.

Sasa nani amuulize kama nami nimo safarini?

Kilichonipa uhai ni darasa. Mwalimu hufundisha wachimbaji Kiingereza pale barazani wakitoka zamu ya mchana, nami hukaa nyuma ya ukuta wa matete nikimenya karanga. Hanioni, simwoni, nasikia tu. Sipendi kujisifu, lakini wale wanaume wengi nawapita, na wao wana ubao.

Leo lilikuwa darasa la mwisho, na neno lilikuwa "run". Nikajua hili nalijua, kukimbia. Kumbe! Mtoto hukimbia kwa neno hilo, mto hutiririka kwa neno hilo, barabara ya Mwanza hupita kwa neno hilo, pampu ya mgodini hufanya kazi kwa neno hilo, hata kanga mbaya ikichuja rangi ni hilo hilo. Sisi kila kazi tumeipa jina lake, wenzetu neno moja wamelibebesha mizigo yote kama punda. Mwalimu akamalizia na pua yenye kamasi.

"Ngoja kwanza, Mwalimu," akadakia Ramadhani, yule Mnyamwezi mwenye maneno. "Pua inakimbia? Inakimbilia wapi, nayo imeshikwa usoni?"

Wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, tena kwa sauti, kabla sijawahi kuziba mdomo kwa kanga.

Barazani kukawa kimya. Nikajua nimesikika. Nilitamani ardhi inifunike.

"Imebaki maana moja," Mwalimu akasema. Akaacha Kiingereza kabisa, akawa anasema polepole, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. "Kuendesha. Mtu anaweza kuendesha duka, anaweza kuendesha nyumba. Ramadhani, nyumba yako anaiendesha nani?"

"Mke wangu. Nitabisha?"

"Yangu anaiendesha mama yake mke wangu. Kule Geita nimeomba kiwanja kando ya nyumba ya shule. Nimekubaliwa. Nitajenga kibanda chenye mlango wake na jiko lake, kila mtu aishi kwa heshima yake. Lakini sijui kama atapenda kuja, na kumuuliza siwezi."

"Basi uulize huo ukuta," akasema Ramadhani, na wote wakacheka tena.

Karanga zilikuwa zimenimwagika zote.

Jibu nilikuwa nalo. Lakini mama mkwe hajibu ukutani kama mtoto. Nikakaa hapo hapo mpaka wakaagana na kutawanyika. Nikaangalia kaburi la baba yake Kabula pale mwisho wa shamba la pamba. Nikikaa, nitakaa naye asiyesema. Nikienda, nitakwenda kwa watu wasiojua hata jina langu. Nimelia kidogo, si sana.

Jua lilipokaribia kuzama nikampelekea ugali wake mlangoni. Pembeni yalikuwepo masanduku yake ya safari, yameshafungwa kamba. Nikarudi jikoni nikalibeba jiwe langu la kusagia, nililopewa na mama siku ya kuolewa. Mwanamke wa kwetu haliachi jiwe lake akihama, na hilo Mwalimu analijua, maana naye kalelewa na mama. Nikaliweka juu ya sanduku la vitabu. Nikakohoa, nikaondoka.

Niko chumbani sasa, naandika. Nimesikia mlango wake ukifunguliwa. Nikatega sikio. Nikadhani hajaliona, au ameliona na limemchukiza.

Halafu nikasikia kamba ikifunguliwa, jiwe likigusa mbao, kamba ikikazwa upya, mara ya kwanza, mara ya pili.

Na baada ya hapo akakohoa.

Tangu Kabula aondoke, leo ndiyo kwanza mtu wa nyumba hii ananijibu.