Dirisha la Kulia

Shosti, uko wapi? Acha unachofanya usome hapa.

Unaijua ile vita ya ofisini, Qt na GTK, vile vifaa viwili vya kujengea programu. Programu ya maduka ya dawa lazima ifunguke kwenye Windows, Mac na Linux, na wiki ya tatu sasa watu wanagombana madirisha na vitufe vyake vijengwe kwa kipi. Leo bosi akataka mfano wa kila kimoja, bila kutajwa kipi ni kipi.

Sasa mimi nilimaliza mmoja tu, wa Qt. Nikaunakili, nikaupaka rangi nyingine, nikaweka kushoto na kulia.

Ndiyo, umesoma sawa. KITU KIMOJA!

Yule mzee wetu tunayemwita Profesa, asiyetaka hata kuisikia Qt, akainama kwenye skrini. "Hili la kushoto zito, jamani. Lakini la kulia! Bonyeza hapo, linateleza kama sabuni. Hiyo ndiyo GTK yangu!"

Linateleza!! Nimeuma ulimi mpaka machozi.

Kabla sijakiri tucheke, bosi akasema, "Tumechukua la kulia. Kesho saa nne mwenye maduka anakuja na fundi wake. Profesa atawafungulia msimbo wa programu wauone."

Waone nini? Qt tupu! Kibarua changu nikakiona kinaota nyasi.

Nikamvuta Profesa kwenye ngazi, nikamwambia yote. Akatazama nyuma kama kuna anayesikia.

"Mwanangu, hiyo Qt... mtu akianza sasa hivi, saa nne atakuwa ameijua?"