Friza Iliyopimwa Mara Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi nimebandua barafu tena kwa mwiko wa ugali. Raba ya mlango imelegea, nimeikaza kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Friza inanguruma kama lori linalopanda mlima. Tokeni za stima tulizonunua Ijumaa zimekwisha.

Atieno amekuja na uso mzito. Ni mwenyekiti wa chama cha kina mama wanaouza samaki hapa Usenge. Wamekubaliana: stima ikiendelea kula faida hivi, mwisho wa mwezi wanafunga chumba cha baridi. Ni kibanda tu cha mabati chenye friza moja, niliyowaazima mimi. Lakini bila hicho wanarudi mikononi mwa Ochieng, broka wa Kisumu. Huyu hufika jua likiwa limepanda, kwa makusudi, samaki, hasa wale wakubwa wa mbuta, wakianza kulainika. Leo tokeni zikiwa zimekwisha, amemwambia Atieno mbele ya watu, "Mama, huyu mbuta amechoka kuliko mimi. Nipunguzie." Akapunguziwa. Nimekasirika kuliko Atieno mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Huenda tumepona. Amefika Injinia Nafula kutoka ofisi ya umeme, Kisumu. Binti mdogo, viatu vimejaa matope, hacheki ovyo. Kampuni ina mpango wa biashara ndogo. Ikithibitika kwamba una mashine kuukuu inayokula stima nyingi, wanakulipia nusu ya bei ya mpya isiyokula sana. Nusu nyingine chama kitachanga, na ya zamani wanaichukua.

Atieno akamwuliza ni duka gani linalomlipa mteja anunue kidogo. Nafula hakuudhika. Alieleza kuwa jioni kila mtu anawasha kwa pamoja na laini zinaelemewa. Kwao ni nafuu kutusaidia kununua friza kuliko kujenga laini nyingine. Nimesoma vitabu vingi katika maisha yangu, hili sikuwahi kulifikiria. Limenipendeza. Akili safi.

Amechomeka kifaa kidogo cheupe kati ya friza na soketi. Kitapima wiki moja. "Fanyeni kazi kama kawaida," alisema, akapanda bodaboda.

Ijumaa, 7 Machi

Hakuna kilicho cha kawaida. Kina mama wamesugua sakafu, wameyeyusha barafu yote, wameipiga friza brashi hadi ikang'aa. Mama Pilista, mkubwa wao kwa umri, ameweka kitambaa cha kufuma juu yake kama kwenye kochi la sebuleni. Hapa mgeni haonyeshwi aibu ya nyumba. Kile kifaa wamekifanya mgeni.

Nimecheka. Kisha nimesaidia kufuta buibui.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa nimepita kibandani. Friza imezimwa. Ndani hamna hata dagaa mmoja. Samaki wamehamishiwa kwa binamu ya Pilista mwenye masanduku ya barafu. Friza wanaiwasha saa chache tu mchana.

"Tusije tukasemwa Kisumu kwamba tunafuja stima," Pilista amenieleza. Amejivuna kabisa.

Nina wasiwasi. Sijui niuseme vipi. Wamefurahi mno.

Ijumaa, 14 Machi

Siku mbaya. Nafula amerudi, amesoma kifaa chake, amekisoma tena. Akasema, "Hongereni. Friza yenu inatumia stima kidogo sana."

Vigelegele. Pilista alicheza. Watu wa mitumbwi wakaja kuona kuna nini.

Nafula akangoja watulie. Ndipo akaongeza kwamba kwa sababu hiyo haistahili kubadilishwa, mpango ni wa wenye mashine mbovu. Akatuaga kwa adabu. Tulifanya bidii kama watoto wa mtihani, tukafaulu, na kufaulu ndiko kulikotumaliza.

Jumanne, 18 Machi

Kisumu, mimi na Atieno. Msongamano wa magari pale Mamboleo, tumefika ofisini tukiwa tumelowa jasho. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kusema. Atieno hakunipa nafasi.

"Injinia, tulikudanganya kwa heshima. Ulituletea mgeni, tukamficha uchafu wetu."

Akaeleza yote: brashi, binamu, hata kitambaa. Nafula alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka hadi akavua miwani. Alisema mama yake kule Port Victoria akisikia bwana afya anakuja huficha viti vilivyovunjika nyuma ya choo. Atapima tena, kuanzia kesho. Dirisha la mpango linafungwa mwisho wa mwezi, hakuna mara ya tatu.

Tukiwa mlangoni nikauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, hizo za zamani hupelekwa wapi. Zinapondwa. Wakizirudisha sokoni, fundi atazifufua, zitakwenda kula stima kwa mtu mwingine. Ni sawa. Hata mimi ningefanya hivyo.

Njiani kurudi Atieno aliongea, mimi nikiwaza hiyo mashine ya kuponda.

Jumatano, 19 Machi

Friza ni ya Rosa, marehemu mke wangu. Aliinunua Molo, tukiwa na duka la maziwa. Watu walimcheka: friza ya nini kwenye baridi ile? Siku tulipofukuzwa kule katika ghasia za uchaguzi, aliliambia lori lisubiri. Niliacha vitabu vyangu vyote. Tuliacha ng'ombe, sufuria, picha za harusi. Rosa alikataa katakata kupanda mpaka friza ipande. Nilimfokea mbele ya watu. Alinitazama tu.

Hapa Usenge mimi ni jadak, mtu anayekaa kwenye ardhi ya ukoo usio wake. Miaka mingi sasa. Rosa amelala katika ardhi hiyohiyo ya watu. Kitu pekee chenye alama ya kule ni ile friza, pale mtoto wa jirani alipochora ndege kwa msumari.

Sitaki ipondwe. Naandika hivyo wazi kwa sababu sina wa kumwambia.

Jumapili, 23 Machi

Upimaji unaendelea. Atieno amepiga marufuku ufagio kibandani. Pilista anateseka, anaingia amefumba macho. Barafu imeota tena kama ndevu. Samaki wamejaa. Inanguruma mchana kutwa na hakuna anayethubutu kuizima.

Nimekaa nayo kidogo. Nikaweka mkono juu ya yule ndege.

Jumatano, 26 Machi

Nafula amesoma. "Hii si friza," alisema. "Hiki ni kinu cha kusaga unga, kinavyokula stima." Kina mama wakatazamana, hawajui waone haya au wapige vigelegele. Atieno akauliza polepole, "Kwa hiyo tumeshinda au tumeshindwa?"

Tumeshinda.

Kisha Nafula akasema mwenye mashine lazima akubali ichukuliwe. Wote wakanigeukia, kisha wakatazama kando. Kumbe wanajua ni ya Rosa. Hakuna aliyeniomba. Pilista alitazama sakafu yake chafu. Ningesema hapana, wangenisalimu kesho kama kawaida na wangefunga mlango mwisho wa mwezi bila neno.

Nikafikiria Rosa angenitazamaje. Hakuipandisha lorini ili iwe kaburi. Aliipandisha ili tuwe na cha kuanzia.

Nikasema ichukueni.

Ijumaa, 28 Machi

Lori limekuja na mpya, limeondoka na ile. Vijana wa kampuni waliibeba vizuri, hawakuitupa. Sikupunga mkono. Nimeumia, na nimelala mchana, jambo nisilolifanya. Nilipoamka Pilista alikuwa ameacha sahani ya samaki mlangoni, imefunikwa kwa kile kitambaa chake. Nimekula wote.

Jumanne, 8 Aprili

Tokeni za wiki iliyopita bado zipo. Friza mpya haisikiki, unaweka kiganja mlangoni ndipo unajua iko hai.

Leo Ochieng amefika kama kawaida yake, jua limepanda. Akataja bei yake. Atieno hakubishana. Alimfungulia mlango aone mbuta walivyoganda wagumu kama kuni, akaufunga, akarudi kwenye mkeka. Tulikuwa tunakula nyoyo, yaani mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, sisi sote. Ochieng alisimama juani kwa muda. Pilista akamsogezea sahani.

Alikaa. Alikula. Akaomba chumvi, akapewa. Kisha, mdomo umejaa, akataja bei nyingine, ya kiungwana.

Atieno akamwambia amalize kula kwanza.