Baba Anasema Alichomekewa, Shemeji Anasema Alipishwa

Mpendwa mshauri,

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu wa dawati moja: nyumbani kwetu kisa kimoja kinasimuliwa kama visa viwili, na mimi peke yangu ndiye ninayejua kuwa ni kimoja. Naomba unisaidie kabla mambo hayajaharibika.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, watu husema nazungumza na vitabu kuliko binadamu. Baba yangu ni mwokaji keki, na asubuhi hunipeleka shule kwa gari lake la mizigo. Siku hiyo tulikuwa na keki ya harusi ya ghorofa tatu, na kigari cheupe chenye picha ya bata kwenye kioo cha nyuma kikawasha indiketa kuomba kuhamia njia yetu, baba akakipiga taa kubwa mara moja, na kwa baba taa hiyo ina maana moja tu, usithubutu, nina mzigo, lakini mwenye kigari akaona amekaribishwa, akaingia taratibu, akatoa mkono dirishani, akawasha na taa za tahadhari kusema asante, baba akakanyaga breki, ghorofa ya juu ya keki ikalalia ya chini, na zile taa za asante baba akazisoma kuwa kejeli.

"Ameniharibia keki," alisema, "halafu ananikonyeza."

Baba hakumwona uso. Mimi nilimwona alipogeuka. Ni mchumba wa dada yangu, fundi wa friji, ambaye humshusha dada kwenye kona ya mtaa wetu na wazazi hawajawahi kumwona. Jioni hiyo dada akaniambia chumbani, anacheka, "Mwenzangu leo kaamka na bahati. Kachelewa kazini, kuna mzee wa gari la mizigo kampisha. Anasema wazee wastaarabu bado wapo." Na upande wa pili wa ukuta nikamsikia baba akimwambia mama, "Kijana yule hakulelewa, aliokotwa."

Sasa shemeji anakuja kujitambulisha mwisho wa mwezi, kwa kigari hichohicho, na baba ameapa kuwa mwenye bata yule hatakunywa hata maji kwake, na dada hajui lolote, kila jioni anapanga viti vya sebuleni upya. Nimefikiria kumwandikia shemeji bila jina nimwombe aje kwa miguu, au nikambandue bata mwenyewe, na kitabu cha sheria za barabarani nimekisoma chote bila kupata msaada. Nikisema, nitaonekana namtetea shemeji dhidi ya baba. Nikinyamaza, dada atalia mbele ya watu. Nifanye nini?

Wa kiti cha mbele

*

Mwanangu wa kiti cha mbele,

Nisikufiche, nilicheka kwanza, halafu nikaionea keki huruma. Pole.

Baba yako alisema "usiingie", mwenzake akasikia "karibu". Hakuna aliyekosa adabu hapo. Mimi mwenyewe niliwahi kumpungia mtu apite, naye akanipungia nipite, tukapungiana mpaka walio nyuma wakatudhania ndugu tuliopoteana. Barabarani kila mtu ana lugha yake, na anadhani wengine wote walizaliwa nayo.

Lakini wewe nawe. Bata wa watu amekukosea nini? Na huyo shemeji atakuja kwenu kwa miguu mpaka lini, mpaka apate wajukuu? Upole si dhambi, mwanangu, ila huu wako sasa unamponza dada yako, anayepanga viti bila kujua anampangia nani balaa.

Mwambie baba, mkiwa wawili tu, gari limesimama na trei ziko tupu, maana breki zake umeshaziona. Kile kitabu kiache nyumbani. Usianze na "baba, ulikosea", hatasikia neno la pili. Anza na sifa: kuna mtu siku ile alimsifu mzee aliyempisha, na mzee huyo ni yeye. Akikasirika, mwache akasirike. Afadhali leo kuliko mbele ya wageni. Kisha mwambie dada, ili kijana akija atangulize radhi kwa ajili ya keki. Fanya wiki hii. Nakutumia jibu hili kwanza wewe, gazetini litatoka baadaye. Sitaki baba yako alisome akifungia keki.

*

Naye akaniandikia tena:

Mshauri, nimemwambia. Tulikuwa tumemaliza kushusha trei dukani, baba hajawasha gari. Nilianza na sifa kama ulivyosema, halafu nikamaliza yote kwa pumzi moja, hata kwamba ndiye mgeni wetu.

Baba akauliza, "Kwa hiyo alikuwa ananishukuru?"

Nikasema ndiyo.

"Na wewe ulijua tangu siku ile?"

Nikasema ndiyo. Akawasha gari, akaendesha polepole mpaka getini kwa shule.

Jioni nilimwita dada jikoni, nikafunga mlango, nikamweleza. Alikaa chini kwanza. Kisha akampigia mchumba wake simu, akaniwekea mkononi, nikamwambia mwenyewe kuwa mzee aliyempisha ni baba, na kwamba akija atangulize radhi ya keki.