Mashine ya Biskuti Kutoka Galu

Mwabungo,
S.L.P. ya Shule, Ukunda.
12 Juni 2025

Mpendwa Mama mdogo Subira,

Leo ni Alhamisi, tarehe kumi na mbili, na nimeweka nadhiri kukueleza yote, hata yale ambayo Baba angependa yasivuke mlango.

Shikamoo. U hali gani? Mgongo umepoa? Joto la Doha je, na matajiri wako wanakuacha ukapumzika? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Masika yalikuwa haba lakini muhogo umeshika. Simu ya nyumbani haikai mikononi mwangu, ndiyo maana naandika, na barua hii ataibeba dada Kache anayerudi huko kazini.

Utakumbuka Mama alipofariki, mashine yake ya kima, ile ya chuma ya kusagia nyama kwa kuzungusha mkono, ilitolewa sadaka pamoja na nguo zake. Kilichobaki ni kile kibati chenye tundu la nyota, kinachofungwa mbele ya mashine ili unga utoke na mistari, ukakatwe biskuti. Nilikikuta ndani ya kopo la vifungo. Tangu mwaka ule nyumba yetu haikutoa sahani ya Idi. Sahani za watu huingia, nami huzirudisha na sukari au mayai, kwa maana chombo cha mtu hakirudi kitupu. Nilitaka na sisi tuanze kutoa, kama alivyokuwa akitoa Mama. Hilo tu ndilo nililolitaka.

Mwezi wa Ramadhani nikaiona mashine kama yake kwa Randu, yule muuza vyombo vikuukuu pale Kona ya Musa. Ilikuwa imelala chini ya birika la umeme lisilo na waya, imeshika kutu, mpini wake wa mti umepasuka. Randu akaniambia imetoka katika ile nyumba ya Galu ulikokuwa ukipika wewe. Bibi wa Kizungu amekufa, na wanawe wameuza kila kitu. Nikamuuliza bibi yule alikuwa akisagia nini.

"Mzungu hula kila kitu," akasema. "Hata mimi ningezubaa jikoni kwake angenisaga."

Nikampa jogoo wangu, akanipa mashine.

Kutu niliitoa kwa majivu na ndimu. Kisha, kwa kuwa sikujua ilisaga nini, nikaiosha kama maalim alivyotufundisha kuhusu najisi ya nguruwe: mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo. Nilihesabu kwa sauti. Nikaipaka mafuta ya nazi, nikapitisha vipande vya mkate mkavu. Cha kwanza kilitoka cha kijivu, cha mwisho cheupe. Kibati cha Mama kikakaa barabara.

Kazi hiyo yote niliifanya uani, mchana kweupe. Shangazi Mwanaima alipita akaniona na udongo mikononi. Aliangalia, akaenda zake.

Siku ya Idi niliamka mapema, nikapitisha unga mashineni, nikazioka biskuti kwa moto wa juu na chini. Zilitoka vizuri, zina iliki, mistari imesimama. Mdogo wangu Ramadhani akazipeleka nyumba kwa nyumba. Kabla ya adhuhuri Bi Twaiba, jirani yetu, akaja mwenyewe.

"Sahani yenu hii, mwanangu. Nimeifunika, inzi wasiiguse."

Nikafunua. Haikuwa tupu, Mama mdogo. Zilikuwa biskuti zangu, zote, kama nilivyozipanga.

Sahani nyingine nazo zikarudi vivyo hivyo, hakuna hata moja iliyopungua. Nikatoka hadi mlangoni. Shangazi alikuwa barazani na wanawake.

"Mtu hasugui chombo safi kwa udongo," alikuwa akisema. "Udongo ni wa mbwa na nguruwe. Na mbwa hasagwi."

"Lakini nasikia kaiosha mara saba," akasema mmoja.

"Nani alimhesabia? Huyu na hesabu ni paka na maji!"

Wakacheka. (Mtihani wa hesabu nilipata sitini na nane, Mama mdogo.) Kisha Shangazi akanitazama usoni, akashusha sauti kama anayeomba dua: "Msimlaumu, masikini. Mamake alikufa kabla ya kumfundisha halali na haramu."

Biskuti zile tulizila mimi na Ramadhani mpaka zikaisha. Zilikuwa nzuri. Nakwambia wewe kwa sababu hakuna mwingine anayejua. Chuoni kwa maalim watoto walikoroma kama nguruwe kila nilipofungua msahafu, na rafiki yangu Mwanakombo akahamisha mkeka wake.

Shangazi aliichukua mashine ndani ya gunia, akasema ataitupa mikokoni, kibati kikiwa bado kimefungwa. Nilimwomba Baba anirudishie kibati tu. Akasema nisimtie katika maneno ya wanawake.

Wiki iliyopita, kuamkia Idi kubwa, Shangazi akaniita kwake. Alikuwa na beseni la unga uliokwisha kukandwa, na mkono ulikuwa ukimuuma. Mezani palikuwa na mashine. Mpini ni mpya. Nyota ni ya Mama.

"Shangazi, si uliitupa?"

"Iliyotupwa ilikuwa ya nguruwe," akasema. "Hii ni yangu. Zungusha."

Nikazungusha. Asubuhi akanituma mimi nizipeleke. Sahani zilirudi na halua, mayai na ndizi. Bi Twaiba alikula mbili pale pale mlangoni, makombo yakimdondoka kidevuni. "Huu ndio mkono!" akaniambia. "Jifunze kwa shangazi yako, usione haya."

Baba alikula pia.

Wote wanakusalimu. Ramadhani anasema ameota jino. Baba anakusalimu. Shangazi Mwanaima anakusalimu sana, na anauliza kama huko Doha utampatia kibati chenye tundu la ua.

Mola akulinde ugenini, akulainishie mioyo ya unaowatumikia, akurudishe kwetu salama.

Sasa nisikilize. Nimelifikiria sana swali langu, na jibu lolote nitalipokea. Ukisema ilisaga ng'ombe tu, basi sahani zangu zilirudishwa bure, na ninataka walisikie hilo. Ukisema ilisaga nguruwe, nitamwomba maalim aisome barua yako mbele ya wote waliokula kwa Shangazi. Hapo hawatakuwa na cha kujitetea isipokuwa zile mara saba nilizoiosha mimi, na Bi Twaiba wa kwanza ataapa kwamba nilihesabu vizuri. Nijibu upesi, kwa anwani ya shule, tena ukweli mtupu: miaka yote uliyopika Galu, mashine ile uliisagia nini?

Mwanao akupendaye, anayengoja jibu,
Hasina