Kanuni ya Hodi Tatu

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nimerudi kutoka Korogwe, kichwa kinaniuma. Tumejaribu mchezo wangu wa ubaoni, wa vyombo vya anga, nyumbani kwa Asnath. Mimi msimulizi, yeye na Hiza wachezaji. Umeharibika! Hiza alivirusha vyombo vyake nyota hadi nyota kama mtu anayebadilisha stesheni za redio. Vita vilikwisha kabla chai haijapoa. Safari isiyo na gharama haimtishi mtu.

Asnath anafundisha fizikia, hivyo hachoki kunikumbusha kwamba mwanga haupitwi na kitu. Nikamwambia najua, ndiyo maana huu ni mchezo. Akasema sawa, danganya, ila uongo wako uwe na sheria. Hapo amenishika. Nitaandika upya sura yote ya safari kwenye kitabu cha kanuni.

Jumatatu, 4 Agosti

Kazini steshenari kimya leo. Fotokopi za vyeti tu. Nimepata nafasi ya kufikiri.

Chombo kinachoupita mwanga hakipo popote. Si kilikotoka, si kinakokwenda. Mahali hapo tunapaita Njiani. Jina alilitunga kaka yangu Mhina, enzi hizo tuko shule na mchezo ni punje za mahindi juu ya mkeka wa mama. Nimetaka kulibadilisha. Nimejaribu mengine — yote yananuka ubandia. Basi, Njiani.

Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeipata!

Bibi Mwantumu, jirani yetu, alikuja kuazima ungo. Mama alikuwa uani anapukuchua mahindi, mimi nilikuwa bafuni. Mlango wazi kabisa, sufuria inachemka mbele ya macho yake. Bibi akapiga hodi mara tatu, akageuka kwenda zake. Nilimkimbilia na maji yananichuruzika. Nikamuuliza kwa nini hakuingia tu. Akashangaa. Hakuitikiwa, angeingiaje?

Kwa hiyo: chombo kilicho Njiani hakitoki chenyewe. Kinapiga hodi kwenye nyota kinakokwenda, na lazima mtu wa kule aitike karibu. Hodi tatu bila jibu, kinabaki Njiani, na mchezaji anakiweka pembeni ya ubao. Hakuna kurusha dado hapo. Ukigombana na watu huna pa kushukia.

Jumapili, 10 Agosti

Korogwe tena. Mchezo umekuwa mwingine. Wanaongea, wanabembelezana, wanatumiana salamu kabla ya kuruka. Nilifurahi kwa muda.

Halafu Hiza akaelekea kwenye nyota ya Asnath, ambako mwanzoni alikuwa ameiba maji. Akapiga hodi. Asnath akatazama meza. Hodi ya pili. Asnath kimya. Kanuni yangu inachukulia kwamba kimya maana yake hakuna mtu. Sikuwa nimewaza kuhusu mtu aliyesikia.

Hiza hutania hata msibani. Leo alikiweka chombo chake pembeni taratibu, akakitazama.

"Sasa hao waliomo humo ndani," akauliza, "wanakula nini?"

Asnath akasema mwenye nyumba ana haki yake. Basi la kurudi Handeni nilipanda nikiwa na hasira, wala sijui na nani.

Alhamisi, 14 Agosti

Mhina amepiga simu. Anakuja Jumapili. Mama aliniambia huku anapukuchua, bila kuinua macho.

Acha niandike basi. Baba alipofariki, mwaka juzi, wazee walitaka azikwe baada ya adhuhuri. Mhina akasema kwenye simu: nipo njiani. Mama akawasihi wazee wangoje. Tukangoja hadi alasiri, jua kali, jeneza uani, watu wananong'ona. Nikampigia tena. Nipo njiani. Mara ya mwisho simu haikupatikana. Baba akafukiwa bila mwanawe wa kiume kutia hata konzi ya udongo. Hakuja siku hiyo. Hakuja arobaini. Hajatuambia sababu mpaka leo.

Nikamwambia mama: mimi nikiwepo, haingii humu. Nilitegemea angenigombeza. Hakunigombeza. Alisema Jumapili asubuhi anakwenda Kerenge kwa dada yake.

"Mimi nimeshamwitikia kwenye simu," akasema. "Umebaki wewe."

Jumamosi, 16 Agosti

Sikwenda Korogwe. Asnath kauliza sura itakamilika lini. Nimeandika na kufuta kutwa nzima.

Nimeishia hapa: aliye ndani ana haki ya kunyamaza. Lakini haondoki mezani. Atakaa azisikie hodi zote tatu.

Nadhani ni kanuni nzuri. Siipendi.

Jumapili, 17 Agosti

Mama ameondoka mapema. Mlango ameuacha wazi — kusudi, namjua.

Bodaboda imesimama nje. Namwona kupitia pazia. Amekonda. Ameota ndevu, na zimekaa kama za baba. Mkononi mfuko wa machungwa. Anatuletea machungwa Handeni, ambako yamejaa kila shamba! Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia.

Hodi.

Sauti ya baba ile ile. Sijaitika. Naandika ili mkono uwe na kazi. Ningeweza kutokea uani, nipite kwa bibi Mwantumu. Kanuni yangu mwenyewe imenikalisha.

Hodi ya pili. Ya chini zaidi.

Ananiona? Labda. Sufuria ipo jikoni inachemka, anaisikia bila shaka. Haingii. Hatazami hata ndani, ametazama chini, kwenye viatu vyake. Miaka hii yote alikuwa wapi, alikula nini? Nina hasira naye, na nimemkumbuka sana kaka yangu. Yote mawili, kwa pamoja.

Hodi ya tatu haijaja.

Nimengoja. Maji yamekauka kwenye sufuria, nasikia harufu ya kuungua. Dereva wa boda ameshakwenda zake. Mhina amehamisha mfuko mkono wa pili, amesimama pale pale. Mwanzo nilidhani amechoka.

Hapana. Tulilelewa na baba mmoja. Ya tatu isipoitikiwa, anajua itambidi aondoke. Ndiyo maana haipigi.

Anafuta uso kwa mkono wa shati. Amevuta pumzi, anataka kusema — nami mdomo wangu umeshafunguka kumwitikia.