Mbuzi wa Kitovu cha Habiba

Hooyo, mama yangu,

Mdogo wangu Habiba hajaenda Liboi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula.

Mto Tana ulipovunja kingo hapa Kotile, mbuzi walikuwa malishoni kule juu, wakasalimika. Wewe ulikuwa umetoka salama, ukarudi ndani, ukasema, "Nakuja." Bado nina hasira na neno hilo.

Watu hawajamaliza kutupa pole, adeer Bare, ndugu wa marehemu baba, akafika. Unamjua shemeji yako: maneno asali, macho kwenye mifugo. Akasema yatima ni wa ami yao, na hiyo ni mila, sikatai. Kwa hiyo ataondoka na mbuzi wote, na Habiba akamsaidie mkewe jikoni Liboi. Shule yenyewe imesombwa, akasema, mtoto wa kike atasoma nini, matope?

Nilisimama mbele ya wazee, Hooyo. Nikasema wale mbuzi weupe waliokatwa ncha za masikio si wa baba wala si wako. Ni wa Habiba. Siku kitovu chake kilipofungwa ulimfungia mbuzi jike, kama wanavyofungiwa wavulana, na uzao wote wa mbuzi huyo ni wake.

Adeer akatabasamu. Nani aliwahi kuona msichana akifungiwa mbuzi?

Nilikuchukia kidogo kwa kutokuwepo. Ndipo eddo Sahra, jirani yetu tunayemwita shangazi, akasema kutoka nyuma ya wanawake: "Wallahi, mimi niliona. Nilimcheka mpaka mbavu zikaniuma. Nikamwambia, huyu ni msichana, umerukwa na akili? Akaniambia, cheka, lakini utakuwa shahidi."

Wazee wakamgeukia adeer. Mali ya yatima ni moto tumboni, wakamwambia, na wewe unajua. Alikunywa chai yake akaondoka, bila Habiba wala mbuzi wa Habiba.

Sasa Habiba anasoma chini ya turubai, kwenye mwinuko ambao maji hayakufika. Yuko na yatima wengine wa mafuriko. Asubuhi anawagawia maziwa ya mbuzi wake kabla ya somo la hesabu, eti mwenye njaa hajui kugawanya. Muhula ujao anaingia shule ya bweni Garissa. Tumeuza beberu mmoja, yule mkorofi, na viatu vipya vinambana na haachi kulalamika. Nimefurahi kumsikia akilalamika.

Adeer ametuma salamu kwamba atarudi. Arudi. Chai ipo.

Lala, Hooyo, Mungu akupanulie kaburi. Habiba atamaliza shule, hilo niachie mimi. Na nikijaliwa binti, nitamfungia mbuzi siku hiyohiyo, mchana, watu wakiwa wengi. Atakayecheka nitamuuliza jina lake.

Bintiyo,
Fartun